Chora kwanza, jina litafuata

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Dada, napenda kuchora, lakini watu wakiniuliza mimi ni nani nakosa jibu. Nijiite msanii au nisubiri kwanza?" Nilimjibu kwa ufupi kwenye simu. Leo namjibu kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

Baba yangu alikuwa Muha wa Kasulu, mama ni Mmanyema wa Ujiji. Nikienda kwa shangazi zangu Kasulu naitwa Mswahili wa Ujiji. Nikirudi mtaani kwetu Ujiji mimi ni yule binti wa Kiha. Shuleni ni mwalimu wa hisabati, basi. Majina yote hayo ni ya kweli, na hakuna hata moja linalonitosha.

Baba alipofariki, watu walijaa nyumbani wakaniuliza naendeleaje. Nikajibu "namshukuru Mungu," kama tunavyojibu sote, na moyoni sikuwa na neno lililofika pale nilipokuwa. Msiba ulipoisha nikachukua rangi za maji alizoziacha mpangaji wetu, nikapanda daladala hadi Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nikakaa kuchora mitumbwi. Sijaacha tangu hapo.

Ninachopenda kuliko vyote ni usiku wa giza, mwezi haupo, wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao ziwani. Kwa rangi za maji huwezi kupaka mwanga juu ya giza ukatoka sawa. Inabidi uiache karatasi nyeupe pale taa itakapokaa, kisha uizungushie buluu nzito, safu juu ya safu, kila moja ikauke kwanza. Kiangazi milima ya Kongo ng'ambo humezwa na moshi wa mioto ya porini. Mvua zikisafisha anga hujitokeza tena, na hapo natumia buluu nyepesi sana, karibu maji matupu. Nikiwa kwenye kazi hiyo sijiulizi kama mimi ni Muha au Mmanyema. Naangalia kama rangi imekauka.

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Waandaaji wa maonyesho fulani Dar es Salaam waliniomba aya moja ya kujitambulisha, iwekwe kando ya picha yangu ya taa za wavuvi. Nilikesha nikiiandika. Wakaifuta yote, wakaweka "mwalimu anayechora kwa kujifurahisha." Walilitaja hilo kama upungufu! Furaha ndiyo iliyoniinua kutoka kwenye mkeka wa msiba, na sitakubali mtu aidharau, kwangu wala kwako. Picha hiyohiyo mvuvi mmoja wa Kibirizi aliitazama kitambo, akaonyesha taa ya pembeni akasema, "Huu mtumbwi wetu." Hakuwa amesoma aya yoyote.

Mdogo wangu, itazame MV Liemba, meli ya ziwa letu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, mwaka 1924 ikaopolewa, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Nimeichora mara nyingi. Penseli haiulizi jina lipi ndilo sahihi, inafuata ubavu wa meli na bomba lake la moshi. Wewe nawe waachie wanaotaka kukupa jina wabishane huko, mkono wako uwe kazini.

Kwa hiyo chora. Usisubiri cheti, usisubiri ruhusa ya ukoo, usisubiri kujielewa. Karatasi ya manila hujikunja ikilowa, kwa hiyo ibandike pande zote kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi kabla hujaigusa na maji. Tenga saa yako kila wiki na uilinde hata kazi za nyumbani zikikuita. Picha ikiisha usiizungushie maelezo. Mtu akiuliza maana yake, mpe aitazame vizuri. Ukiwa na huzuni chora, ukiwa na furaha chora, na wakikuuliza wewe ni nani, waambie jina ulilopewa na wazazi wako, halafu urudi kwenye karatasi yako.

Likizo ukishuka Ujiji nitafute. Njoo na ubao wako, rangi ninazo.