Malizia Vuta N'Kuvute

Umeuliza filamu ya Vuta N'Kuvute uimalizie au uachane nayo, maana umeangalia kipande cha mwanzo ukaona hakuna kinachotokea. Malizia bwana. Amil Shivji hakuitengeneza ya mbio. Ile ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo, Yasmin kamkimbia mume aliyeozeshwa, Denge yuko kwenye harakati za uhuru. Mimi picha ndiyo iliyonishika: vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, kuta, vivuli, hata mtu asiposema kitu unaelewa. Ila usiangalie kwenye simu juani huku unachati, utaona giza tupu halafu ulaumu filamu.

Ninapoikosoa ni kwenye mapenzi ya Yasmin na Denge, yanaiva haraka mno. Sisi tuliosoma riwaya ya Adam Shafi tunaona kabisa palipokatwa. Na Mwajuma, rafiki yake Yasmin, wangemwachia nafasi zaidi, yule dada akiingia tu filamu inachangamka.

Filamu ya Binti, ya Seko Shamte, nayo nimeiona, wanawake wanne wa Dar. Nzuri, ila hadithi inakatika ndiyo kwanza inanoga.

Kama shida yako ni filamu za ngumi, mbona rahisi, njoo kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, cha huku kwetu Chang'ombe, Dodoma. Zinawekwa zilizotafsiriwa, na DJ anajiongezea maneno mpaka jambazi wa Hong Kong anaagiza ugali kwa mlenda. Ya maana sidhani, lakini mbavu utazishika.