Re: Nataka kwenda shoo Dar, ila naogopa ndege

Salama dada. Kwa nilivyokuelewa, tiketi ya shoo unayo, basi la Mtwara hadi Dar litakula siku nzima ya ruhusa yako, na ndege unaiogopa.

Kwanza jichunguze: unaogopa kufungiwa ndani au mtikisiko? Kama ni kufungiwa, chagua kiti cha kando ya njia. Kama ni mtikisiko, kaa usawa wa mabawa, ndipo panapocheza kidogo, na chukua ndege ya asubuhi; mchana joto la ardhini hupanda na kuisukasuka ndege, hasa hizi za pangaboi.

Wengi huchanganywa na sauti. Baada ya kupaa utasikia kishindo chini: ni magurudumu yanakunjwa. Kisha mngurumo unapungua, na hapo ndipo watu hushika kiti wakidhani injini imezima. Haijazima, rubani amepunguza nguvu iliyotumika kupaa.

Kahawa iache siku hiyo. Funga mkanda ubane kiunoni, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe taratibu kwa 6. Mwambie mhudumu mapema kwamba unaogopa, wamezoea. Masikio yakiziba, meza mate au tafuna korosho (Mtwara hazikosekani). Safari yenyewe ni kama saa moja. Vidonge vya kutuliza, muulize daktari kwanza, na usichanganye na pombe.