Majeruhi anaongea, hana jeraha, kumbe anavuja damu ndani

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Chalinze, na nimepata mafunzo ya huduma ya kwanza. Mwezi uliopita mwenzetu aligonga lori lililoegeshwa. Alisimama mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akasema tumbo linamuuma kidogo pale sterringi ilipompiga. Zaidi ya michubuko ya viganja hakuwa na jeraha. Akawa anaomba maji tu. Tukasema ni mshtuko, tukampa maji na soda, tukapita naye polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Tukiwa pale kwenye benchi akatokwa jasho la baridi, akazirai. Hospitali walikuta bandama imepasuka. Amefanyiwa upasuaji na yupo nyumbani sasa. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi sana kusikia yupo nyumbani. Wengi wa aina yake hawafiki.

Mliikagua ngozi yake mkasahau kuikagua ajali. Pikipiki ilisimamishwa na lori. Mwili wake ukaendelea mbele mpaka ukazuiwa na sterringi. Ndani ya mwili, bandama, ini na matumbo navyo vikaendelea mpaka vikazuiwa na mbavu na ukuta wa tumbo. Ngozi huvutika ikarudi. Bandama, iliyo kushoto chini ya mbavu, ni laini na imejaa damu, ikibanwa hivyo hupasuka. Na mwendo una hesabu yake: ukiongezeka mara mbili, nishati ya kugonga huongezeka mara nne. Kwa hiyo ukifika eneo la ajali, kabla hujapiga magoti, tazama: sterringi imepinda? Kofia ngumu imepasuka? Alirushwa hatua ngapi? Majibu hayo yakikutia wasiwasi, mchukulie kuwa ameumia ndani hata kama anacheka.

Sasa kuhusu huo "mshtuko". Neno hili linatuponza. Mtaani ni hofu, na dawa yake ni maji na maneno ya kutuliza. Hospitali tukisema mshtuko tuna maana kwamba damu haifiki ya kutosha kwenye viungo, na hilo linaua.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Anaweza kupoteza lita nzima na bado akakutajia namba ya simu ya mkewe, kwa sababu moyo huongeza kasi na mishipa ya ngozi hujibana ili ubongo upate. Presha mara nyingi haianzi kushuka mpaka zaidi ya asilimia 30 ya damu imeondoka, yaani kama lita moja na nusu. Ukisubiri presha ishuke, umechelewa. Vidole vyako vitajua mapema zaidi. Shika kifundo cha mkono uhesabu: mapigo zaidi ya 100 kwa dakika kwa mtu aliyetulia ni onyo. Gusa viganja kama ni baridi na vina unyevu. Funua mdomo wa chini, kwa sisi weusi, weupe wa kukosa damu huonekana pale na kwenye viganja. Bonyeza ukucha uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kuhema haraka, kuhangaika, na kiu ni dalili pia. Mwenzenu alipoomba maji, mwili wake ulikuwa unawaambia.

Damu hujificha kifuani, tumboni, kwenye nyonga na pajani. Paja moja lililovunjika huficha lita nzima au zaidi, nyonga hata zaidi ya hapo, kwa hiyo usiitikise nyonga "kuipima". Izungushie khanga uikaze, usawa wa yale mafundo ya mifupa pembeni juu ya mapaja, si kiunoni.

Damu inayovuja nje izuie kwanza kwa kukandamiza. Ya ndani huwezi kuizuia barabarani, dawa yake ni chumba cha upasuaji. Mlaze chali, shingo isipinde, mfunike kitenge hata kama jua linawaka, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Asinywe wala asile chochote, kwani tumbo lililojaa ni hatari akipewa dawa ya usingizi. Msimpeleke zahanati iliyo karibu ikiwa haina upasuaji wala damu. Na PF3 itafuata nyuma: mgonjwa wa dharura hutibiwa kwanza, mmoja wenu aende polisi wengine wakiwa njiani na majeruhi.

Njiani hesabu mapigo kila dakika 5 uyaandike hata kwenye kiganja chako. Ukifika mapokezi usiseme tu "amepata ajali". Sema: pikipiki, lori lililosimama, sterringi tumboni, mapigo yalikuwa 96, sasa 118. Kwa maneno hayo machache daktari wa zamu ataita watu wa upasuaji kabla machela haijasimama.