Je, MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) inaweza kuona moyo wa mtoto aliye tumboni?
Inaweza, ila baada ya ultrasaundi, si badala yake. Tatizo kubwa ni mwendo: moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na ndani ya mashine ni vigumu kupata ECG yake (rekodi ya umeme wa moyo) kupitia tumbo la mama ili picha zifuate mapigo. Kwa hiyo hufungwa tumboni mwa mama kifaa cha Dopla, kinachotambua mapigo kwa mawimbi ya sauti, au kompyuta huzipanga picha baadaye. Mtoto akijigeuza katikati, picha hufifia kama ukungu na sehemu hiyo hurudiwa. Baada ya wiki 30 huonekana vizuri zaidi, hasa aota (mshipa mkuu utokao moyoni) inayoshukiwa kuwa nyembamba. Mama alale ubavu wa kushoto, na gadolini (dawa ya kung'arisha picha) haihitajiki.