Maswali na Majibu: Beda, mmonaki na mwanahistoria Mwingereza wa karne ya 8, aliyetaja waliomsimulia

Ni kweli Beda ndiye aliyebuni kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo?

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Aliyebuni ni Dionysius Exiguus, huko Roma, mwaka 525. Beda aliusambaza mtindo huo kwa kuutumia katika Historia ya Kanisa la Waingereza, aliyoimaliza mwaka 731.

Nitamwaminije mwanahistoria aliyejaza kitabu miujiza?

Soma dibaji kwanza. Wengi mnairuka, kisha mnakuja na lawama. Humo Beda anamweleza Ceolwulf, mfalme wa Northumbria kaskazini mwa Uingereza, nani alimpa nini. Habari za Kent, ufalme wa kusini mashariki, zilitoka kwa Abate Albinus wa Canterbury, zikaletwa na Nothelm, padri wa London, ambaye baadaye alikwenda Roma akarudi na nakala za barua za mapapa. Hata muujiza, mara nyingi anamtaja aliyemsimulia. Na asipokuwa na zaidi ya masimulizi, hafichi: kile kisa cha Gregori Mkuu kuwakuta vijana wa Kiingereza wakiuzwa sokoni Roma, anasema ni mapokeo ya wazee. Muujiza unaweza kuukataa, lakini umeshajua nani kasema, kwa hiyo una pa kuanzia kupima. Sisi tunaandika historia za parokia na koo zetu kwa "inasemekana" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Inasemekana na nani? Mzee gani, wa kijiji gani? Mwandike jina angali hai.

Beda alifika Roma?

Hapana. Alipelekwa monasterini akiwa na miaka 7, akabaki huko kaskazini mwa Uingereza hadi kufa kwake mwaka 735.

Naomba maneno halisi ya Mfalme Edwin kuhusu shomoro, niyatumie kwenye mahubiri.

Si ya Edwin, mfalme wa Northumbria. Ni mshauri wake mmoja, asiyetajwa jina, aliyefananisha maisha ya mtu na shomoro anayepita ukumbini wakati wa baridi, akiingia mlango huu na kutokea ule. Beda aliandika miaka kama 100 baada ya baraza lile la kuamua kama wapokee Ukristo. Waambie waumini ni simulizi ya Beda. Hayo "maneno halisi" yaache.

Alikuwa Mbenediktini kama wa Peramiho na Ndanda?

Usiharakishe. Benedict Biscop, mwanzilishi wa Wearmouth na Jarrow, monasteri ya Beda, alichota desturi katika monasteri 17. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliheshimiwa sana pale, lakini haikuwa peke yake.

Kuna mahali Beda hakutenda haki?

Kuna, na pananiuma. Wabritoni, Wakristo waliokuwapo kisiwani kabla ya Waingereza, waligoma kushirikiana na Augustino wa Canterbury, mmisionari aliyetumwa na Papa Gregori, kuwahubiria Waingereza. Baadaye watawa wapatao 1,200 wa Bangor, waliofika kuliombea jeshi lao karibu na Chester, wakauawa na jeshi la Waingereza. Beda hawalilii. Anaandika kwamba utabiri wa Augustino umetimia, kwamba wakikataa watauawa na Waingereza. Hapo aliyeshika kalamu ni Mwingereza, tena mmonaki akiandika juu ya wamonaki wenzake waliouawa wakisali.