Kalipa mpya, joto lilelile

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua gari lililokwisha kutumika, na sasa kila nimalizapo safari nasikia harufu ya kuungua. Rimu ya mbele kushoto huwa ya moto haigusiki, ilhali ya kulia ni vuguvugu tu, na gari huvuta upande wa kushoto. Fundi alibadili pedi, kisha kalipa nzima, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski ya gurudumu, lakini baada ya siku chache hali ilirudi ileile. Sasa ananiambia kalipa mpya nayo ni mbovu, ninunue nyingine. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kitu chochote kabla ya kujua ni nini hasa kinachoizuia breki isiachie. Breki ya diski haina springi ya kuirudisha nyuma pistoni, yaani kile chuma cha ndani ya kalipa kinachosukuma pedi. Kazi hiyo hufanywa na sili ya mpira iliyoizunguka, ambayo hujipinda kidogo ukikanyaga pedali na kujinyoosha shinikizo linapoisha, ikiivuta pistoni kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo breki hung'ang'ania kwa sababu mojawapo kati ya mbili: ama kuna chuma kilichokwama, yaani pistoni yenye kutu au pini ambazo kalipa hutelezea, ama mafuta ya breki yamenaswa na shinikizo halipati njia ya kurudi.

Kuzitofautisha si kazi kubwa. Breki ikishapoa, weka vizuizi kwenye magurudumu mengine, inua gari kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi imara, kisha gia ikiwa huru mwombe mtu akanyage pedali mara kadhaa na kuiachia. Likiwa gurudumu halizunguki kwa mkono, legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, ukiwa umeivisha mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa, kwani mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, kosa si la kalipa. Likibaki limekaza, rudi kwenye pini na pistoni. Pini hupakwa grisi maalumu ya breki, wala si grisi ya kawaida, ambayo huvimbisha mpira.

Kwa maelezo yako, mimi namshuku zaidi mrija wa mpira unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Mrija huo ukizeeka huweza kuvimba au kuchanika kwa ndani huku nje ukionekana mzima kabisa, na hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika. Mguu wako una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite penye kizuizi, lakini sili ya pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Ili kuhakikisha, rudia jaribio, ila safari hii legeza kwanza kiungo cha bomba la chuma na mrija: gurudumu likibaki limekaza hadi ufungue skrubu ya kalipa, mrija ndio mkosaji, lakini likiachia papo hapo, tazama masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, na fimbo ya pedali. Masta silinda, hata hivyo, kwa kawaida hukamatisha zaidi ya gurudumu moja.

Badili mirija ya mbele yote miwili, kwa kuwa ina umri mmoja, na ukague kama pedi hazikuungua na diski haikupinda. Mafuta ya breki nayo yamwagwe yote. Hunyonya unyevu wa hewani, na DOT 3, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ambayo ikiwa mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, kiwango chake hushuka hadi 140 ikishalowa. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka, mvuke hujaa ndani ya mabomba na pedali huzama bila gari kusimama, ndiyo maana nakusihi usiliendeshe gari hilo kabla halijatengenezwa. Baada ya kazi, hewa itolewe yote, uende mwendo mfupi, kisha usogeze mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya kushoto na ya kulia zinapaswa kulingana kwa joto.