Mtoto wa malezi awe wetu moja kwa moja

Dada, umeuliza: mtoto wa miaka 4 mnayemlea hapo Malindi kwa idhini ya ofisi ya watoto, mfanyeje abaki kwenu daima? Barua ya chifu haitoshi. Lazima kwanza ithibitishwe rasmi kwamba mtoto yuko huru kuasiliwa, yaani kufanywa wenu kisheria. Ndipo ombi liende Mahakama Kuu. Kesi nyingi hukwama hapo: mama mzazi hajatafutwa, au mtoto aliokotwa na hakuna nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Ifuateni polisi leo, kitabu kisije kikafungiwa stoo. Cheti cha kuzaliwa chenye majina yenu msikitengeneze kwa njia ya panya. Ni kosa la jinai. Kama ni Waislamu, ulizieni kafala, yaani malezi ya mtoto kwa sheria ya Kiislamu, inayotambuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022: nasaba yake haibadiliki, na fungu lake mwaweza kumwandikia kwa wasia, usiozidi thuluthi ya mali yenu.